Nilikwenda Kigali Kutafuta Pumzi, Nikabeba Uyoga

Bi Mauwa, wewe ndiye uliyeyaanza haya. Ulichungulia juu ya ukuta alfajiri, ukaniona uani kichwa chini makalio juu, ukatupa ndoo ukakimbia kwa Bi Nyamizi kumwambia, "Tatu karudi Kigali na pepo." Toka siku ile sina raha. Naulizwa bombani, naulizwa msibani, juzi kaniuliza imamu mwenyewe, naye aliuliza huku anatazama pembeni kwa haya.

Basi nimeshika kalamu. Elimu yangu mnaijua, ni ya kisomo cha watu wazima, na mwalimu wetu marehemu Rashidi Matola alitufundisha kusoma yeye mwenyewe akisinzia, kwa hiyo mkiona herufi zimelala mjue zimerithi. Lakini majina ninayo yote, ya watu na ya mnyama, na nitayataja. Haya mambo ya "mtu mmoja" na "mwanamke fulani" ni ya watu wasiosikiliza wanapoambiwa.

Ujiji, na habari ya uyoga

Mnakumbuka masika yalivyoniacha. Kile kikohozi kiliondoka na pumzi zangu kama mgeni anayeondoka na vijiko. Nikipanda kutoka ufukweni na ungo wa dagaa, naketi kwenye kila baraza, mpaka watu wakadhani nazungusha umbea. Hilo ningelivumilia. Kilichoniuma ni kigelegele. Mimi Tatu binti Hamisi, niliyekuwa nikipiga kigelegele hapa Ujiji, wavuvi wakageuza mitumbwi wakidhani kuna pilau kwao, nikawa nikifungua mdomo kinatoka kitu kama kuku aliyekanyagwa. Nanyi mlikuwa na adabu. Mlikuwa mnakohoa pamoja nami ili nisione haya.

Hapo ndipo ilipokuja habari ya Zaina. Zaina ni mjukuu wangu, binti wa Mwanaidi wangu aliyeolewa Kigali, mtaa wa Biryogo, na Hassani fundi cherehani. Akaposwa na kijana wa Nyakabanda, jirani tu na kwao. Mila yetu ninyi mnaijua, lakini naieleza kwa watakaosomewa wasio wa hapa. Siku ya harusi watu wa bwana wakifika mlangoni, bibi yao anapiga kigelegele. Bibi wa upande wa binti anajibu kwa pumzi moja, kirefu kuliko cha wageni, ndipo mlango unafunguliwa. Akikatika katikati, wageni wanaingia wakicheka, na binti anaolewa na kile kicheko, anakisikia jikoni mwake mpaka uzeeni. Kwangu alijibu bibi yangu Mwamvua. Kwa Mwanaidi alijibu mama yangu. Kwa Zaina, zamu yangu. Na mimi, kuku.

Akaja Juma Kabwe, yule anayepeleka mawese Bujumbura na kurudi na maneno ya watu.

"Bibi Tatu, Mwanaidi anasema usingoje harusi, uje mapema. Kuna Mhindi huko mjini, mwanamke, ana yoga. Watu pumzi zinawarudia."

"Ana uyoga?"

"Ndiyo hiyohiyo, yoga."

"Unaliwa au unanuswa?"

"Mie nitajuaje? Nimeambiwa tu ni kila asubuhi kabla ya kula."

Dawa ya kabla ya kula hiyo, nani asiyejua? Nikamweleza Bi Nyamizi, naye akatoka kwake na mfuko wa uyoga mkavu wa porini, ule unaonuka kama soksi za askari. Akasema, "Mganga haendewi mikono mitupu, shoga. Huyo na uyoga wake wa dukani, mpelekee huu aone uyoga." Nikaufunga juu ya dagaa, nikaenda.

Ziwani mpaka Buyenzi

Meli ilikuwa iondoke asubuhi. Haikuondoka. Tukaambiwa mchana, tukaketi juu ya magunia, mchana ukapita nao. Kila tukiuliza, yule wa gatini, Pius, anajibu, "Inapumua." Nikamwambia, "Mwanangu, na mimi ndicho ninachokitafuta, lakini sikai gatini." Wakacheka, mimi nikakohoa. Hatimaye ikapumua tukaenda.

Asubuhi yake tukaiona Bujumbura, milima imeipanda mgongoni. Nilifikia Buyenzi kwa Bi Salama Kibwana, ambaye marehemu mumewe na marehemu mume wangu walikuwa wakiuza chumvi pamoja na kudhulumiana kwa upendo. Buyenzi ni Ujiji iliyovaa viatu: Kiswahili kilekile, adhana ileile, umbea uleule ila unasemwa haraka. Alinichomea samaki mkeke na ndizi, nikala mpaka Bi Salama akaniuliza kama Ujiji ziwa limekauka.

Nikamweleza habari ya uyoga. Akaunusa mfuko, akaurudisha upesi. "Tatu, huu ukiula pumzi haitarudi. Itakimbia."

Kanyaru, na habari ya kuoga

Kutoka Bujumbura tulipanda basi la dereva Gaspari, mtu mwenye meno mazuri na breki mbaya. Jirani yangu alikuwa Mama Esperansi, mama wa Butare, mnene, mcheshi, amebeba sufuria mpya mapajani kama mtoto. Mbele yetu alikuwa Fabiani, Mrundi anayempelekea dada yake mbuzi. Mbuzi alikuwa anaitwa Minisita. Nikauliza kwa nini Minisita. Fabiani akasema, "Mama, anakula tu, na ukimwuliza kitu anatazama kando."

Mpakani Kanyaru tukakwama. Bwana mwenye muhuri alikuwa amekwenda kula na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Tukashuka tukakaa kwenye nyasi. Baridi ya kule si ya mchezo, hata jua linawaka kwa kusitasita. Mama Esperansi akanigawia viazi vya kuchemsha na maharage, mimi nikampa dagaa, tukawa ndugu. Akaniuliza nakwenda kufanya nini Kigali.

"Nakwenda kwa binti yangu Mwanaidi, nitibiwe pumzi kwa uyoga."

"Nani anatibu na uyoga?"

"Mhindi. Juma amesema yoga."

Alicheka mpaka sufuria ikabingirika kwa Minisita. "Mama wee! Yoga si uyoga! Uyoga kwetu ni ibihumyo. Yoga ni kuoga! Sisi nasema, 'Mwanaidi yoga,' maana yake Mwanaidi iko naoga."

"Kuoga?"

"Kuoga. Ile maji ya moto, ya mvuke. Wazungu napenda sana. Unakaa ndani, kifua nafunguka."

Sasa ninyi nitazameni. Mwanamke mzima, nimevuka ziwa na mfuko wa uyoga kwenda kuogeshwa. Nilijiona mjinga, lakini nilijiona mjinga aliyeelewa, na huo ni ujinga wa hatari zaidi. Tulipofika Butare nikashuka upesi nikanunua taulo, sabuni ya kipande na dodoki. Mama Esperansi mwenyewe ndiye aliyenichagulia dodoki, lile gumu. Akaniaga kwa kunikumbatia, akasema, "Ukitoka kule utakuwa binti."

Jambo moja la Kanyaru nisilisahau, maana litakuja kutufaa. Tulipokuwa tunangoja ule muhuri, Minisita aliamka usingizini. Akatanguliza miguu ya mbele, akarudisha mgongo nyuma, akainua makalio mbinguni, akajinyoosha, akatoa pumzi ndefu ambayo niliisikia mimi kiziwi wa sikio moja. Nikasema moyoni, mnyama huyu ana raha kuliko sisi wote.

Daraja la Nyabarongo

Karibu na kuingia Kigali, darajani, askari walitusimamisha. Siku zile vita vilikuwa kaskazini kuelekea Uganda, na kila njia ilikuwa na gogo lililolazwa katikati na kijana mwenye bunduki aliyechoka kusimama. Wa kwetu alikuwa Viateri. Nilimsikia mwenziwe anamwita. Akafungua mfuko wangu, akarudisha uso nyuma.

"Mukecuru, ibi ni ibiki?" Ndiyo wanavyosema, bikizee, hivi ni vitu gani.

"Ibihumyo," nikajibu, Kinyarwanda changu chote nilichokuwa nacho kwa wakati huo, nilichokipata kwenye nyasi za Kanyaru.

"Iko ya nini?"

"Ya kifua."

"Na hii sabuni na taulo?"

"Na hiyo ya kifua."

Akanitazama, akamtazama Gaspari, Gaspari akatazama meno yake kwenye kioo. "Mama, wewe iko mganga?"

"Mimi ni mgonjwa, mwanangu. Mganga yuko Kigali."

"Pita," akasema, na akafunga mfuko ule kwa fundo ambalo Mwanaidi baadaye alilikata kwa kisu.

Mimi nilipita. Vijana wengine waliteremshwa wakaulizwa vitambulisho. Kijana aliyekaa kiti cha nyuma, Inosenti, aliyekuwa amenishikia mfuko nilipopanda, aliachwa pale kando ya barabara. Gaspari akasema atakuja na gari jingine. Hakuna aliyeuliza gari gani. Basi lilipanda mlima wote kimya, hata Minisita, ambaye dada yake Fabiani kule Butare alimkataa kwa sababu ambazo sitaziingia, hakulia.

Biryogo

Nilifika Nyabugogo, kwenye kituo cha mabasi, Hassani akanipokea, tukapanda kwao. Biryogo ni vichochoro, cherehani zinasema kila mlango, na harufu ya chapati inakushika mkono ikupeleke. Mwanaidi alinikumbatia, Zaina akanikumbatia, kisha wakaunusa mfuko, wakaniachia.

"Mama, umeleta nini?"

"Uyoga. Halafu nikaambiwa si uyoga, ni kuoga. Nina taulo."

Mwanaidi alikaa chini sakafuni. Hakunisahihisha. Mtoto niliyemzaa mimi! Alisema tu, "Kesho asubuhi utaona, mama," na akaenda kucheka jikoni, nikamsikia anampa Hassani sehemu yake ya kucheka. Mfuko wakautundika kwenye msumari nje ya jiko, upande ambao upepo hauji ndani.

Jioni ile, jua bado lipo, akaja bibi wa upande wa pili kunisalimu. Bi Madina wa Nyakabanda. Mrefu, mweusi tii, mgongo umenyooka kama mchi, na kifua! Wanyarwanda kigelegele wanakiita impundu, na Bi Madina hakubisha hodi. Alisimama kichochoroni akapiga impundu, cherehani zikanyamaza mtaa mzima. Kilikuwa kinakwenda, kinageuka, kinarudi. Nilikuwa nakunywa chai. Nikasimama kumjibu, maana usipojibu umekubali.

Kuku akakanyagwa.

"Karibu sana, dada ya Ujiji," akasema Bi Madina, amejaa huruma kama chatu aliyeshiba. "Safari nachosha. Pumzika. Siku ya harusi utakaa tu, sisi tutapiga ya pande zote mbili."

Pande zote mbili! Zaina alikuwa amesimama mlangoni. Alichukua kikombe changu akaenda kukiosha, na kilikuwa bado kina chai.

Juu ya duka la vitambaa

Yule Mhindi, Mama Nirmala, anakaa mjini juu ya duka la vitambaa la mwanawe. Kazaliwa Mwanza, Kiswahili chake ni chetu, tena kina pilipili. Ni mzee kama mimi, mkavu, suruali pana kama gunia, na anakaa chini na kuinuka bila kushika kitu. Tulipofika na Mwanaidi alitupeleka darini, juu kabisa, kwenye sakafu ya saruji iliyotandikwa mikeka. Alikuwepo mwanafunzi mwingine mmoja, Sista Bernadeta, mtawa wa Kinyarwanda, mwili umejaa neema, soksi za sufi miguuni.

Mimi nilikwisha kujiandaa ngazini. Nilipotokea juu nilikuwa na upande mmoja wa kanga kifuani, taulo begani, sabuni mkono huu, dodoki mkono huu.

Sista Bernadeta akafanya ishara ya msalaba.

"Maji yako wapi?" nikauliza.

Mama Nirmala alinitazama kutoka juu mpaka chini, akatazama dodoki. "Bibi, hapa utatoka maji wewe mwenyewe. Vaa nguo."

Ndipo nikaelezwa. Yoga si kitu cha kula wala cha kumwagiwa. Ni kutembeza mwili na pumzi pamoja, kama mtu na kivuli chake, na pumzi ndiyo mtu. Unavuta kwa pua, mikono inapanda. Unatoa kwa pua, unainama. Unavuta, unatazama mbele. Unatoa, unarudisha mguu nyuma, na mwenzake, unashuka. Unavuta, kifua kinainuka. Unatoa, unasukuma makalio juu. Hakuna kusimama katikati, kimoja kinamwagikia kingine kama maji ya kata. Mdomo umefungwa, kooni unabana kidogo, kama unataka kupuliza kioo ukifute ila umekatazwa kufungua mdomo, inatoka sauti ya ziwa kwa mbali.

"Hii yote inaitwa salamu ya jua," akasema Mama Nirmala.

Nikakaa chini. "Mimi simsujudii jua."

"Na mimi siwezi," akasema Sista Bernadeta. "Mimi toka mwanzo nasalimia Bwana Yesu tu. Jua natazama hivihivi."

Mama Nirmala akashusha pumzi, kwa pua. "Nimelisalimia jua miaka yote hii, halijaitikia hata mara moja. Kila mtu asalimie anayemtaka. Ninachotaka mimi ni mbavu zifunguke."

Nikaleta bismillahi, nikaanza. Jua lilikuwa linatokea upande wa Kanombe, kwenye uwanja wa ndege, na siku ile lilitokea pamoja na helikopta ya jeshi. Ikatupita juu kuelekea kaskazini, ikitetemesha mabati. Sote tulikuwa mikono juu. Mama Nirmala hakuangalia. Akasema, "Toeni pumzi," tukaitoa.

Tulipofika kwenye kusukuma makalio juu akasema, "Sasa hii ni mbwa anayejinyoosha."

Nikakaa tena chini. "Mbwa siwi. Nina udhu."

"Bibi, kila hatua una kesi?"

"Nipe mnyama mwingine."

Na hapo akanijia Minisita. Nilimwona kabisa kwenye zile nyasi za Kanyaru, miguu mbele, makalio mbinguni. Nikatia mikono chini nikarudisha mgongo nyuma nikajinyoosha, na pumzi ikatoka ndefu, yenyewe, bila kuniuliza.

"Hivyo hivyo!" akapiga kelele Mama Nirmala. "Nani amekufundisha?"

"Minisita."

Sista Bernadeta alianguka kwenye mkeka akicheka, na tangu siku ile darini pale hakuna mbwa. Kuna Minisita. Na ile ya kifua juu, ambayo yeye anaiita nyoka, mimi nikaiita kenge anayeota jua, akaniachia, kachoka.

Msidhani ilikuwa rahisi. Niliumwa mahali ambapo sikujua ninapo. Pumzi yangu ilikuwa inakatika mikono ikiwa bado hewani, nabaki nimening'inia kama nguo kwenye kamba. Nikawa nailazimisha, nakohoa, naona nyota. Mama Nirmala akanishika mgongoni. "Usiisukume, bibi. Pumzi si punda. Itangulize, wewe ufuate."

"Harusi inakuja."

"Harusi ndiyo inayokukaba, si kifua. Shusha mikono polepole. Pumzi itakwenda pale mikono inapokwenda."

Nikawa nafanya asubuhi darini, nikirudi nafanya Biryogo uani. Hassani akikata kitambaa anasema, "Mama mkwe, Minisita mmoja kwa ajili yangu." Zaina alikuwa anakuja kukaa karibu nami anatazama mikono yangu ikishuka, na midomo yake inatembea. Nilijua anahesabu. Nilijifanya sijui.

Siku moja nikampa Mama Nirmala ule uyoga, maana nilibeba kwa nia yake. Akaunusa. "Bibi," akasema, "tumetoka mbali mimi na wewe. Usituharibie." Ukarudi kwenye msumari.

Mlangoni

Harusi ilifanywa mchana, mapema, kwa sababu jioni kulikuwa na amri ya kutotoka nje na hakuna aliyetaka kula pilau akikimbia. Ndoa ikafungwa. Sisi tukajifungia ndani na Zaina kama mila inavyotaka. Alikuwa amejipaka hina mpaka viwiko, na mkono wake ndani ya mkono wangu ulikuwa wa baridi kama samaki.

"Bibi," akaninong'oneza, "kama huwezi, kohoa tu. Nitasema ni vumbi."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko kicheko chochote. Mtoto amekwisha kunitungia uongo.

Wakaja. Tukawasikia toka kona ya msikitini, ngoma, nyimbo, wanawake wa Nyakabanda wote wamevaa sare ya kijani. Wakafika mlangoni wakanyamaza. Bi Madina akaanza.

Sikatai, alikipiga. Alikipiga mpaka wanaume wakavua kofia. Kilipanda, kikazunguka kwenye mabati, kikashuka, nikadhani kimekwisha, kikainuka tena. Kilipokoma, nje kukatoka sauti za "Eeeh!" na mwanamke mmoja, Bi Rehema, shangazi wa bwana harusi, akasema kwa sauti tusikie, "Sasa Ujiji nalia au nakohoa?"

Nikatoka mbele ya mlango, wenzangu nyuma yangu, ukafungwa tena akabaki Zaina ndani. Nikafungua mdomo. Pumzi haikuwepo. Kweli haikuwepo. Nikaona Mwanaidi anafumba macho.

Basi nikafanya kitu ambacho sikukipanga. Nilifunga mdomo. Nikasahau watu. Nikavuta kwa pua, mikono ikapanda, yote miwili, polepole, mpaka juu ya kichwa, viganja vikakutana. Nikasikia Hassani anauliza, "Anasujudu au anaanguka?" Na nyuma yangu wanawake wa Biryogo, ambao hawajawahi kufika Ujiji hata mmoja, wakadhani hiyo ndiyo mila ya kwetu. Wakaacha vyetezo vya ubani, wakainua mikono. Wote. Mlango mzima ulikuwa mikono juu, kama tumevamiwa.

Halafu nikaanza kuishusha, na kigelegele kikatoka.

Kilitoka chini, ubavuni, mahali ambapo Mama Nirmala huweka kidole akifundisha. Sikukisukuma. Mikono ilikuwa inashuka nacho kinashuka nayo, mabegani, kifuani, na kila wakidhani kinakwisha, mikono ilikuwa bado ina njia. Nilimwona Bi Madina anatazama vidole vyangu. Nilimwona Bi Rehema amefunga mdomo wake kwa kiganja. Nikafika kiunoni, kikaendelea. Nikafika mapajani, kikaendelea, na kwa kuwa pumzi ilikuwa bado ipo na mikono imekwisha, nikainama nayo mpaka vidole vikagusa ardhi ya Biryogo, ndipo nikakikata. Mimi mwenyewe ndiye niliyekikata.

Mlango ulifunguliwa. Zaina alitoka na hina yake analia, kope zinamwagika wanja, mbaya kabisa, mzuri kabisa. Alinipita bila kuniangalia, kama bibi harusi anavyotakiwa, lakini alipopita alinifinya ubavuni, palepale pumzi ilipotoka.

Baada ya pilau Bi Madina alinivuta kando ya jiko.

"Dada ya Ujiji. Mimi nakwambia kweli, umenishinda. Ni dawa gani?"

Sikumficha. Mungu shahidi, nilisema ukweli mtupu. Nilisema, "Yoga."

Macho yake yakapanda juu ya kichwa changu, yakatua kwenye msumari. "Uyoga? Ile?"

Nilisema yoga. Masikio ni yake. Nilifungua mdomo nimweleze, kisha nikakumbuka "pande zote mbili", nikaona ni bora nipumue. Akautungua mfuko, akaunusa, na hakurudi nyuma hata kidogo. Akaufunga ndani ya kanga. "Nakula kabla ya chakula?"

"Asubuhi," nikasema. "Kila asubuhi."

Ujiji tena

Njia ya kurudi ilikuwa ileile ila fupi zaidi, kama njia za kurudi zilivyo. Darajani niliangaza kumtafuta Inosenti kati ya waliosimama. Sikumwona. Viateri alikuwepo, akaniuliza, "Mukecuru, kifua?" Nikamwonyesha mikono juu, akashtuka, kisha akacheka kama mtoto.

Basi hayo ndiyo yaliyonipata, Bi Mauwa. Pepo sina. Nina Minisita na kenge, na ukitaka kujifunza pitia mlangoni kama watu, uache kuchungulia. Udhu utabaki nao, hakuna mbwa.

Na wewe, Bi Nyamizi, nimekuweka mwisho kwa sababu maalumu. Jana Juma Kabwe amerudi na salamu. Biryogo, anasema, sasa hakuna harusi inayopita bila wanawake wote kuinua mikono mlangoni kabla ya kigelegele, na mgeni akiuliza anaambiwa, "Hii ni mila ya Ujiji, ya zamani sana." Na Bi Madina amemaliza ule mfuko. Anasema anakula kila asubuhi, anaumwa tumbo, lakini pumzi, wallahi, haijawahi kuwa hivi toka awe msichana. Mjukuu wake wa kike anaolewa mwakani, na safari hii yeye ndiye atakayekuwa nyuma ya mlango. Ameniomba nije upande wa wageni, tushindane kwa haki.

Tena ameniomba nimletee uyoga. Kwa hiyo, shoga yangu, mvua zikianza uingie porini. Uchume ule wenyewe, wa soksi.